Maswali ya Wasomaji: Uzi Gani Ufungwe Kwenye Besi Isiyo na Freti?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi tofauti iliyopo kati ya gitaa la besi lenye freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, na lile ambalo shingo yake ni ubao mtupu. Barua zilizofuata karibu zote ziligusa jambo moja, nalo ni nyuzi. Nimechagua barua tano, nimezifupisha bila kubadili maana, na nimezijibu kwa urefu ambao kila swali limeudai.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimepiga besi ya kawaida kwa miaka sita na sasa nimenunua besi ya nyuzi nne isiyo na freti. Ubao wake wa vidole ni wa mti wa rozwudi na haujapakwa kitu chochote. Ilikuja na nyuzi bapa, na kwangu mimi sauti yake imefifia mno. Natamani ile sauti inayovutika na kuimba kama koo la mtu. Nilipotaka kufunga nyuzi za raundi, mwenzangu alinionya kwamba zitaula ubao wote. Je, ni kweli? Na wewe ungefunga zipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo itakayokusaidia kuamua.

Kwenye besi yenye freti, kidole huukandamiza uzi mpaka ukutane na kipande cha chuma, na chuma hicho ndicho kinachokata urefu wa uzi unaotetema. Ubao ulio chini hauna kazi kubwa. Ukiziondoa freti, kazi hiyo inagawanywa baina ya ubao na ncha ya kidole. Nyama ya kidole ni laini, kwa hiyo hunyonya sehemu ya mitetemo midogo ya juu, ile inayoipa sauti ukali wake. Ndiyo maana uzi uleule uliokuwa ukilia kwa ukali kwenye besi yako ya zamani unasikika mtulivu zaidi kwenye besi hii mpya. Ubao nao sasa unaguswa na chuma kinachotetema kila unapopiga noti. Kwa sababu hiyo, anayechagua nyuzi za besi isiyo na freti anachagua vitu viwili kwa mpigo mmoja: sauti anayotaka kuisikia, na chuma kitakachosugua ubao wake kila siku. Wauzaji huzungumzia kile cha kwanza tu.

Uzi wa besi una kiini cha chuma katikati, na juu yake umezungushiwa waya mwingine ili upate uzito wa kutoa sauti nene bila kuwa mgumu kama fimbo. Tofauti kubwa ya nyuzi iko kwenye huo waya wa nje. Ukiwa wa duara, uso wa uzi hubaki na matuta na vifereji. Pitisha ukucha kwa urefu wake nawe utasikia mkwaruzo kama wa meno ya chanuo. Hizo ndizo raundi, na sauti yake ina mng'ao na ukali mwingi. Ukiwa utepe bapa, uso unakuwa laini kama kijiti kilichopigwa msasa, na sauti inakuwa nene, ya mviringo, yenye ukali kidogo. Hizo ndizo flati, ambazo kwa wingi ndizo zilizokuwa zikifungwa kwenye besi za umeme kabla ya raundi kuenea kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Kati ya hizo mbili zipo zinazoitwa nusu-raundi: huzungushiwa waya wa duara kwanza, kisha matuta yake husagwa au kubanwa mpaka yapungue. Sauti yake pia iko katikati, ingawa kwa sikio langu huegemea zaidi upande wa flati.

Ile sauti inayoimba unayoitamani, wengi tuliisikia kwanza kwa mpigaji besi Jaco Pastorius, aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 1976 na mwaka huohuo akajiunga na bendi ya Weather Report. Besi yake maarufu ilikuwa Fender Jazz Bass ya mwaka 1962 iliyokuwa imeondolewa freti, na nyuzi zake zilikuwa raundi za kampuni ya Rotosound ya Uingereza, ambazo ni za chuma cha pua, yaani aina kali kuliko zote. Watu huishia hapo, wakaenda kununua nyuzi hizo. Kile kinachosahaulika ni kwamba ubao wa besi hiyo ulikuwa umepakwa epoksi, ile gundi ngumu inayopakwa kwenye mashua. Tabaka hilo ndilo lililopambana na chuma mahali pa mti, na ndilo lililoongeza ule mng'ao, kwa sababu uso mgumu haunyonyi mitetemo kama mti mtupu. Kuziiga nyuzi za Pastorius na kuuacha ubao wake ni kuiga nusu ya chombo.

Jambo hili nimelijua kwa kulilipia. Besi yangu ya kwanza isiyo na freti ilikuwa na ubao wa rozwudi mtupu kama wako, nami niliifunga raundi za chuma cha pua nikaipiga kila siku kwa miezi kama kumi. Siku moja niliziondoa nyuzi zote ili nisafishe, nikauelekeza ubao kwenye taa kwa mshazari. Chini ya uzi wa G, ulio mwembamba kuliko zote, kuanzia mahali pa freti ya tano hadi ya tisa, palikuwa na vifereji vidogo vilivyopangana kama mistari ya daftari, na baadhi niliweza kuvihisi kwa ukucha. Sauti ya noti za hapo ilikuwa imeanza kukoroma na mimi nilikuwa nikiulaumu uzi. Kilichoniuma zaidi ni kutambua kwamba uharibifu huo haukutokana na kubonyeza. Ulitokana na jinsi nilivyokuwa nikitikisa kidole. Nilitoka kwenye besi yenye freti nikiwa na mazoea ya kuusukuma uzi kwa upana, juu na chini, ili noti itetemeke. Kwenye ubao mtupu, harakati hiyo inaugeuza uzi wa raundi kuwa tupa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu duka. Jifunze kutikisa noti kama wapigaji wa fidla na chelo wanavyofanya: kidole kibaki palepale na kiviringike kuelekea daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa, kisha kuelekea vigingi vya kukazia nyuzi, kwa kufuata urefu wa uzi. Uzi hauburutwi juu ya mti, na noti hupanda na kushuka pande zote mbili, jambo ambalo kusukuma kwa upana hakuwezi kulifanya kwa sababu kunapandisha tu. Mkono ukishazoea hivyo, ubao utadumu kwa muda mrefu zaidi hata ukifunga raundi.

Ushauri wa pili ni kuhusu madini ya waya. Nyuzi za raundi huzungushiwa chuma cha pua, au chuma kilichopakwa nikeli, au nikeli tupu. Cha pua ndicho kigumu na chenye sauti kali kuliko vyote. Nikeli tupu ndiyo laini na yenye sauti ya joto zaidi. Chuma kilichopakwa nikeli kipo katikati. Kwa ubao wa rozwudi usiopakwa kitu, mimi nisingefunga chuma cha pua hata kidogo. Abanusi ni mti mgumu zaidi na huvumilia kwa muda mrefu, lakini nao haukosi kuchorwa.

Nawe ungefunga zipi? Kama ubao utabaki mtupu na sauti ndiyo unayoitafuta, anza na raundi za nikeli tupu, au za chuma kilichopakwa nikeli, zenye unene wa wastani, na ufanyie mkono wako mazoezi hayo kwa dhati. Kabla ya kununua, hata hivyo, nakuomba usizikatae flati zote kwa sababu ya seti moja uliyoikuta. Zipo flati nzito zenye sauti ya kubweka na kuzima mara moja, kama zile za kampuni ya La Bella za unene wa inchi 0.052 hadi 0.110 ambazo mpigaji besi James Jamerson alizitumia kwenye besi yake yenye freti katika rekodi za kampuni ya muziki ya Motown, na zipo flati nyepesi zinazoimba vizuri sana kwenye ubao mtupu. Seti ya JF344 ya Thomastik-Infeld ya Vienna, yenye unene wa 0.043, 0.056, 0.070 na 0.100, ina mkazo mdogo na sauti ya katikati iliyo wazi, na imewabadili mawazo wengi walioamini kwamba flati haziimbi. Flati za Chromes za D'Addario nazo, zikiwa mpya, zina mng'ao unaokaribia wa nusu-raundi.

Kupaka epoksi kwenye ubao ni njia ya tatu, lakini ni kazi ya fundi. Ubao lazima usawazishwe, upakwe matabaka, kisha usawazishwe tena, na ukishapakwa, sauti ya mti haisikiki kama mwanzo. Mtu asifanye hivyo kabla hajaipiga besi yake kwa mwaka mzima na kujua kweli anachokikosa.

Swali: Ndugu mhariri, mimi nilianzia kwenye besi kubwa ya kusimama, inayopigwa jazi, na ninataka gitaa langu lisilo na freti likaribie sauti hiyo. Nimeshauriwa nyuzi za nailoni, ila ninahofu kwamba pikapu za sumaku, zile zinazogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme, hazitazisikia. Je, hofu yangu ina msingi?

Jibu: Haina msingi kwa nyuzi ambazo bila shaka ndizo ulizoshauriwa. Nyuzi hizo, ambazo mara nyingi ni nyeusi, zina kiini cha chuma na waya wa chuma kama kawaida. Nailoni ni utepe wa juu tu unaofunika vyote. Sumaku ya pikapu inakisikia chuma kilicho ndani bila shida. Zinazohitaji pikapu ya piezo, ile inayopokea mtikisiko moja kwa moja kwenye daraja, ni nyuzi zisizo na chuma kabisa ndani yake.

Chaguo hili ni zuri kwa lengo lako. Sauti inaanza kwa mguno mzito, haina mlio wa vidole vinavyoteleza, na ubao haudhuriki hata ukiwa mti mtupu, kwa sababu kinachougusa ni plastiki laini. Uangalie jambo moja tu: nailoni ni nyepesi, kwa hiyo ili uzi upate uzito unaotakiwa hutengenezwa ukiwa mnene kuliko uzi wa chuma wa noti ileile. Huenda usiingie vizuri kwenye mifereji ya kile kipande kidogo kilicho mwisho wa shingo, upande wa vigingi, ambacho hapa nitakiita kizingiti. Uzi unaokaa juu ya mfereji badala ya kuzama ndani yake utakuwa juu mno kwenye noti za mwanzo, na hautatulia kwenye tyuni. Mpelekee fundi aipanue mifereji kwa tupa yenye unene unaolingana na uzi, na akumbuke kwamba mfereji ukishapanuliwa, nyuzi nyembamba hazitakaa tena imara hapo. Kwa hiyo, uwe na hakika kwamba unakusudia kubaki na nailoni.

Swali: Mwalimu, nilikuwa na raundi za 0.045 hadi 0.100. Nimeziondoa zote, nikafunga flati za 0.050 hadi 0.105. Tangu hapo nyuzi zimepanda juu katikati ya shingo, vidole vinachoka, na nikiweka kidole kwenye mstari unaoonyesha mahali pa freti ya kumi na mbili sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Je, nyuzi hizi ni mbovu?

Jibu: Nyuzi zako ni nzima. Kilichobadilika ni mkazo.

Namba hizo za unene ni sehemu za inchi, na watu huzisoma kana kwamba ndizo zinazoeleza ugumu wa uzi. Zinaeleza kipenyo tu. Kama urefu wa uzi ni uleule, kwa mfano inchi 34 za besi nyingi, na noti ni ileile, kinachoamua mkazo ni uzito wa uzi kwa kila sentimita ya urefu wake. Utepe wa flati unajaza nafasi ambazo waya wa duara huziacha wazi, kwa hiyo flati yenye kipenyo sawa na raundi mara nyingi hubeba chuma kingi zaidi na huvuta zaidi. Wewe umebadilisha aina na wakati huohuo umeongeza kipenyo. Katika seti ya kawaida ya nyuzi nne, kila uzi huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 15 hadi 25, na zote kwa pamoja hufika kilo 70 au 80 hivi. Ukiongeza kilo kadhaa juu ya hapo, shingo hupinda kwenda mbele kama upinde, na nyuzi huonekana zimepanda katikati.

Marekebisho yana mpangilio wake, na ukiuvuruga utazunguka bila kufika. Anza na shingo. Ndani yake mna fimbo ya chuma inayoizuia isipinde. Ikaze kwa robo mzunguko tu, tyuni tena, kisha ipe shingo muda wa kutulia, hata usiku mzima, kabla ya kuongeza. Kama fimbo inagoma, usiilazimishe, mpe fundi. Shingo ikishakaa sawa, ndipo ushushe nyuzi kwa vikalio vya daraja, vile vipande vidogo ambavyo kila uzi hukalia. Mwisho kabisa ndipo urekebishe ulinganifu wa noti. Gusa uzi kidogo juu ya mstari wa kumi na mbili upate hamoniki, ile sauti nyembamba ya uzi ulioguswa bila kubonyezwa, kisha ubonyeze palepale na ulinganishe. Kama noti iliyobonyezwa iko juu kuliko hamoniki, rudisha kikalio cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Nadhani utakuta kwamba sehemu kubwa ya tatizo hili la mwisho imeondoka yenyewe baada ya kushusha nyuzi, kwa sababu uzi ulio juu hunyooshwa zaidi unapobonyezwa na kunyooshwa huko ndiko kunakoipandisha sauti.

Wapo wanaoniambia kwamba besi isiyo na freti haihitaji ulinganifu huo, maana sikio ndilo linaloongoza kidole. Sikubaliani nao. Sikio linaongoza, lakini mkono unakumbuka umbali, na kama umbali huo si uleule kwenye kila uzi, unapohama kutoka uzi mnene wa E kwenda ule wa G utakuwa unasahihisha kila noti ya kwanza.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimefuata nyayo za Pastorius: ubao wangu umepakwa, nyuzi ni raundi za chuma cha pua, mpya. Lakini ile "mwaa" haitoki. Noti inalia ikakatika kama kwenye besi yoyote. Nilitaka pia kuiga ule mstari wa besi wa Bakithi Kumalo kwenye wimbo wa Paul Simon, "You Can Call Me Al", nikashindwa. Ninunue uzi gani?

Jibu: Marahaba. Usinunue uzi mwingine kwa sasa. Hizo ulizonazo zinatosha kabisa.

"Mwaa" ni neno zuri kwa sababu linafanya kile linachokitaja: mdomo umefumba kwenye m, kisha unafunguka taratibu. Ndivyo noti inavyofanya. Uzi ulio karibu sana na ubao, ukiwa umelala kwa pembe ndogo mbele ya kidole, haukai mbali na mti unapotetema. Unaugusa kidogo na kuuacha, tena na tena, na kila mguso unazaa mitetemo ya juu inayozidi kufunguka baada ya noti kuanza. Tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi, hufanya jambo la namna hiyo kwa daraja lake pana lililopinda kidogo, ambalo uzi huligusagusa unapotetema. Uzi wenye mng'ao unasaidia, lakini mguso huo ndio chanzo, na mguso unatokana na jinsi besi ilivyorekebishwa.

Fanya hivi. Bonyeza uzi wa A mahali pa freti ya kwanza na mahali pa ile ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha utazame pengo lililo katikati, karibu na freti ya saba. Kwenye besi yenye freti pengo hilo linaweza kuwa kubwa kidogo bila tatizo. Hapa liwe dogo kiasi cha karatasi moja au mbili za kawaida kupita, si zaidi. Kisha utazame kizingiti. Kwenye besi yenye freti, mifereji yake lazima iwe juu kuliko freti ya kwanza. Kwenye besi yako inaweza kushuka mpaka karibu kabisa na ubao, na besi nyingi nilizozikagua zilikuwa zimeachwa juu kana kwamba freti bado zipo. Hapo ndipo "mwaa" ya noti za chini hupotelea. Halafu shusha vikalio vya daraja kidogokidogo mpaka uzi uanze kukoroma, kisha upandishe kwa kiasi kidogo sana. Kama sehemu moja inakoroma na nyingine ni bubu, ubao haujanyooka, na hakuna uzi utakaoliponya hilo.

Baada ya hapo, mkono. Piga karibu na daraja, juu ya pikapu ya nyuma, na ufungue sauti ya pikapu hiyo kuliko ya mbele. Usipige kwa nguvu, kwa maana uzi unaorushwa sana huugonga ubao badala ya kuupapasa. Bonyeza kwa ncha ya kidole, si kwa bapa lake, kwa kuwa nyama nyingi inazima kila kitu. Kisha uiache noti. Wengi huikata kabla haijafunguka. "Mwaa" huja baada ya mpigo, na anayeharakia noti inayofuata hataisikia hata kwenye besi bora kuliko zote.

Kuhusu Kumalo, mpigaji wa Soweto ambaye besi yake isiyo na freti inasikika kwenye albamu ya "Graceland" ya mwaka 1986, usijilaumu. Nusu ya pili ya mstari ule haikupigwa na mkono wa mtu: ni nusu ya kwanza iliyochezwa kinyumenyume studioni. Jifunze nusu ya kwanza, sikiliza jinsi anavyoteleza kuingia kwenye noti badala ya kuruka, na utakuwa umepata kile ambacho kinaweza kujifunzwa.

Swali: Ndugu mwandishi, nyuzi zibadilishwe baada ya muda gani, na je, ni kweli kwamba zikichemshwa zinarudi kuwa mpya? Nauliza pia kwa sababu nilinunua flati, uzi wa E ukafa siku ileile niliyoufunga: una sauti butu na utepe wake umeanza kuachana karibu na kigingi.

Jibu: Raundi huzeeka kwa sababu jasho, mafuta ya ngozi na vumbi hujaa kwenye vile vifereji, na uzi uliojaa uchafu hauwezi kutetema kwa wepesi. Kwa mtu anayepiga kila siku, mng'ao unaweza kupungua ndani ya wiki chache tu. Kuzipangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, chini ya uzi na juu yake, kunaongeza maisha yake kuliko dawa yoyote ya chupa. Kuchemsha kunaondoa mafuta na kunarudisha ukali kwa siku kadhaa, lakini chuma kilichochoka hakirudi, na kila mara unapouondoa uzi na kuurudisha unaukunja upya palepale. Mimi ningefanya hivyo mara moja, pale tu ambapo seti mpya haipatikani.

Flati ni habari nyingine. Hazina vifereji vya kujaa uchafu, na wapo wapigaji wanaozikataa zikiwa mpya, wakazipenda baada ya miezi sita, wasizibadilishe kwa miaka. Jamerson anasifika kwa kutobadilisha nyuzi zake mpaka zikatike. Badilisha flati pale uzi unapokataa kutyuniwa vizuri, au noti moja inapokuwa juu na nyingine chini kwenye uzi uleule.

Uzi wako wa E, kwa maelezo yako, nadhani uliukata kabla ya kuukunja. Utepe wa flati umeshikiliwa kwenye kiini kwa mkazo wake wenyewe tu. Ukikatwa ukiwa umenyooka, utepe hulegea na kuteleza, na kulegea huko kunaweza kusafiri mpaka kwenye sehemu inayotetema. Sauti ikishakuwa butu kwa namna hiyo haiponi, na uzi huo itabidi uubadilishe. Utakapofunga mwingine, pima kwanza kama sehemu nene ya uzi inaishia kabla ya kigingi, kwa sababu flati nyingi zimefungwa nyuzi za hariri mwishoni na ni sehemu hiyo tu inayotakiwa kuzungushwa. Upande wa daraja, hariri isikae juu ya kikalio. Kama besi yako inaruhusu uzi kupitia nyuma ya mwili, usiupitishe huko. Pembe ile kali inaweza kuuvunja utepe, kwa hiyo upitishe kwenye daraja moja kwa moja.

Kisha uupitishe uzi kwenye kigingi, uuvute ubaki na urefu wa kuzunguka mara mbili au tatu, na uukunje kwa koleo mpaka upate pembe mraba iliyo kamili. Kata baada ya pembe hiyo, ukiacha kipande kidogo upande wa pili, ukiingize kwenye tundu la kigingi, na uzungushe ukielekea chini ili uzi ushuke vizuri kwenye kizingiti. Badilisha uzi mmoja mmoja ili shingo isilegee yote kwa pamoja. Katika siku mbili za kwanza utakuta tyuni inashuka kila unapoishika besi. Huo ni uzi unaokaa mahali pake.